Zamu ya Kuumwa

Fundi alikwenda kurudisha viti vya kukodi, akarudi amekuwa msimamizi wa mirathi.

Msiba wa baba yake ulikuwa umekwisha asubuhi ile. Turubai limekunjwa, masufuria yamerudi kwa wenyewe, na mwenye viti alikuwa anapiga simu kila mara akilalamika kwamba kuna harusi inavisubiri. Nani wa kuvirudisha? Macho yote yalimgeukia yeye, kama yalivyozoea kumgeukia tangu utotoni kila palipokuwa na kitu cha kubebwa. Akavipakia kwenye mkokoteni, akaondoka navyo. Aliporudi, jasho likimtiririka, kikao cha ukoo kilikuwa kimeshaketi, kimejadili, kimeamua na kuanza kutawanyika. Shangazi, dada wa marehemu na mkubwa wa wote waliobaki, alimpokea mlangoni kwa kumshika mikono miwili.

"Tumekuchagua wewe, mwanangu. Kwa kauli moja."

"Mmenichagua kwa nini?"

"Kwa usimamizi. Wa mirathi ya baba yako."

"Lakini mimi sikuwepo, shangazi!"

"Ndiyo maana hapakuwa na ubishi."

Wahenga walisema asiyekuwepo na lake halipo. Walisahau kuonya kwamba asiyekuwepo anaweza pia kutwishwa la kila mtu.

Fundi hakubisha sana, na hapo ndipo alipokosea. Alidhani ni kazi ya kupita, ya kupeleka cheti cha kifo mahakamani, kujaza fomu na kula kiapo. Yeye alikuwa na safari yake. Jina la Fundi alipewa na baba yake alipokuwa msichana, kwa tabia yake ya kufumua magodoro ya watu ili aone ndani kuna nini, na lilimkaa hata akawa fundi kweli, fundi wa makochi. Wameoana mbao na kitambaa, watu walimtania, kwa kuwa mumewe alikuwa seremala: mume anatengeneza fremu, mke anatia springi, sponji na kitambaa. Kabla baba hajaanza kuugua, mume alikuwa ametangulia mji mwingine, mwendo wa siku nzima kwa basi, kupanga karakana yenye mlango mpana. Walikubaliana kwamba yeye amuuguze baba, kisha amfuate. Baba aliugua, akafa, akazikwa. Mume akaanza kuchonga fremu, akizipanga ukutani zikimsubiri mke aje azivishe.

"Wiki chache tu," shangazi alimwambia. "Ukishagawa, nenda zako kwa mumeo."

Mirathi yenyewe ilikuwa nyumba. Baba hakuacha shamba, wala gari, wala akaunti ya kuringia. Aliacha nyumba ya vyumba sita kando ya barabara, yenye bati jipya upande wa mbele na bati kuukuu upande wa nyuma ambako wageni hawafiki. Chumba kikubwa alilala mama mdogo, yaani mama wa kambo wa Fundi, mjane wa baba. Chumba cha uani alilala kaka mkubwa, aliyerudi nyumbani baada ya kampuni yake ya usafirishaji kupunguza watu. Mpaka leo hakuwa amekubali kwamba yeye ni mmoja wa waliopunguzwa. Kila asubuhi alipiga pasi shati, akafunga vifungo hadi shingoni, akatoka, na hakuna aliyejua alikokwenda. Chumba cha mbele kilikuwa cha kitindamimba, mtoto wa mama mdogo, kinyozi, aliyegeuza dirisha kuwa tangazo na mlango kuwa ofisi. Banda la ubavuni lilikuwa la Fundi na makochi yake.

Sasa basi, mama mdogo na kaka mkubwa walikuwa mafahali wawili katika zizi moja. Hawakusemezana tangu siku baba alipomleta mama mdogo nyumbani, na hiyo ni zamani. Waliongea kwa kupitia mtu wa tatu, hata wakiwa wamesimama jiko moja, ubavu kwa ubavu.

"Mwambie huyo afunge bomba."

"Mwambie huyo bomba limekufa tangu jana."

Na mtu wa tatu alikuwa Fundi, mkononi ana nyundo, mdomoni ana misumari, shingo ikigeuka huku na huku.

Alijaribu kuwapatanisha. Alipendekeza nyumba iandikwe kwa majina ya wote wanne, kila mtu abaki chumbani mwake, maisha yaendelee. Mama mdogo alisema jina lake halitakaa karatasi moja na jina la mtu anayemsubiri shangazi afe ili amtupie mjane wa watu vyombo vyake nje. Kaka mkubwa alisema nyumba ya baba haigawanywi kama mkate, mzaliwa wa kwanza yupo. Basi ikabaki njia moja: iuzwe, kila mtu achukue fungu lake. Mnunuzi alikuwepo, mwenye duka la jumla la jirani, aliyetaka kuibomoa ajenge ghala. Fungu la kila mtu lingetosha kuanzia maisha, kama mtu bado ana umri wa kuanza. Wote walitikisa vichwa kukubali. Hakuna aliyepinga. Fundi alifurahi, akampigia mumewe simu, akamwambia afagie karakana.

Mahakama ilikuwa jengo refu lenye korido moja na mabenchi pande zote mbili. Watu waliketi wakitazamana magoti. Karani, mtu mwembamba mwenye sauti ya kuitia ng'ombe, alitoka mlangoni na kulitaja jina la marehemu kwa ukamilifu, kwani kesi za mirathi huitwa kwa jina la aliyekufa. Kila alipoliita jina la baba, Fundi alichelewa kidogo kusimama. Alikuwa anampa baba nafasi, labda ataitika mwenyewe awaondolee taabu.

Alikula kiapo. Alisema atakusanya mali, ataitunza, ataigawa kwa haki, na lolote litakaloharibika kabla hajafunga mirathi litakuwa juu yake. Hakimu, mama wa makamo mwenye miwani iliyoning'inia kifuani kwa kamba, alimtazama akamwambia, "Hiyo nyumba sasa iko mkononi mwako. Siku ya kuuza nataka warithi wote mbele yangu. Sitaki barua, sitaki salamu. Wote waje waseme kwa midomo yao."

Siku ya kwanza iliyopangwa, mama mdogo alipandwa na presha wakati wanafunga mlango watoke. Ikaahirishwa.

Siku iliyofuata, mgongo wa kaka mkubwa ulikataa kunyooka. Alilala kitandani na shati lake la pasi, akiguna. Ikaahirishwa.

Halafu tumbo la kinyozi. Halafu jino la mama mdogo. Halafu kinyozi tena, safari hii jicho, na wateja wake siku hiyo waliondoka na vichwa vya ajabu, maana kuumwa hakukumzuia kunyoa mchana.

Katikati ya maahirisho hayo Fundi alijaribu kuondoka hivyo hivyo. Alipanda basi, akafika kwa mumewe, akaziona fremu, akazipapasa mbao zilizopigwa msasa hadi zikawa laini. Kesho yake asubuhi simu ikalia. Bomba limepasuka, sebule ni bwawa, na mama mdogo na kaka mkubwa kila mmoja anamwambia kinyozi amwambie mwenzake kwamba ni kosa lake. Lolote litakaloharibika liko juu yako. Akarudi na basi la siku ile ile, na mumewe alisimama stendi mkono umeinuliwa hadi basi likapinda kona.

Alijaribu njia nyingine. Alimwendea karani akamuuliza kama mtu anaweza kuuacha usimamizi.

"Kwa nini isiwezekane? Unaandika maombi ya kujitoa."

Fundi akamsogelea. "Halafu basi?"

"Halafu warithi wote wanakuja wanakubali. Wote, mbele ya hakimu."

Fundi alicheka peke yake pale koridoni hadi mwanamke wa benchi la pili akamsogezea maji ya kunywa.

Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na yeye usufi aliujua vizuri. Alijua kwamba mkavu ni mwepesi na hauumizi bega la mtu, lakini ukilowa hauinuki. Mwanzoni watu walimpa pole. Baadaye waliuona usimamizi kuwa ni kazi yake, kama vile alizaliwa nao. Taa ikizimika, msimamizi. Paka wa jirani akiingia jikoni, msimamizi. Alianza kuota mlango. Ulikuwa mlango mpana wa karakana, uko wazi, yeye yuko ndani ya kochi, kitambaa kimeshashonwa juu yake, na watu wamekaa.

Mumewe alipiga simu kila siku ya mahakama jioni. Swali lake lilikuwa moja: "Leo nani hakufika?" Zamani aliliuliza kwa kicheko. Wakaucheka pamoja mgongo wa kaka, wakalicheka jino. Kisha kicheko kikapungua, swali likabaki. Na siku moja alilitanguliza neno jingine.

"Sikiliza, mke wangu. Fremu zimefika mlangoni. Wateja hawakalii mbao. Kuna fundi wa vitambaa hapa mtaani, kila siku ananiulizia hiyo nafasi. Nimemwambia asubiri shauri lijalo. Likiahirishwa, namwingiza. Sisemi kwa ubaya. Mimi nimechoka kula peke yangu, na nimechoka kukutunzia nafasi tupu."

"Lijalo litakwisha," Fundi alisema. "Nakuahidi."

Shauri hilo walikosekana wawili kwa mpigo, kaka mkubwa na kinyozi. Hakimu alivaa miwani, akaivua, akasema anayeichezea mahakama atajua mahakama ni nini. Kisha, kwa kuwa ilikuwa siku ya msongamano na karani alimnong'oneza kitu, akaipanga tena kwa wiki ile ile, siku ya mwisho ya wiki. Fundi akashukuru. Wiki ile ile ilikuwa bado ndani ya ahadi yake, alijiambia, ingawa mume angeweza kusema vinginevyo. Alimpigia, akamsihi. Mume akasema, "Hadi siku hiyo, basi."

Alirudi nyumbani akakuta kochi la baba limezama. Lilikuwa kochi kubwa la sebuleni, alilolipenda baba na ambalo mama mdogo sasa alilikalia kila jioni akitazama mlango. Fundi alilisukuma karibu na ukuta, akalilaza kifudifudi, akajilaza nyuma yake sakafuni, misumari midogo imejaa mdomoni, akafungua kitambaa cha chini. Springi moja ilikuwa imekatika. Aliishika, akaigeuza kwenye mwanga. Springi huchoka, hupinda, huliwa na kutu. Hii ilikuwa imekatwa kwa koleo, mahali pamoja, na alama za meno ya koleo ziko pale pale.

Alikuwa bado anaitazama mlango ulipofunguliwa, watu wakaingia wakinong'ona kwa hasira. Yeye hakuonekana. Kochi lilikuwa limemficha lote, na mdomo wake haukuwa na nafasi ya neno.

"Mmenitia aibu," ilikuwa sauti ya shangazi. "Wawili kwa siku moja! Mnadhani mahakama ni pumbavu? Leo ilikuwa zamu ya nani?"

"Yangu," alisema kaka mkubwa. "Mgongo. Tulikubaliana."

"Mgongo ulishautumia, kaka," alisema kinyozi. "Leo nilikuwa mimi."

"Wewe umeumwa jicho juzi tu!"

"Mama ndiye aliyeniambia ni mimi."

"Mwambie huyo," mama mdogo akasema, "kwamba zamu yake ilikuwa siku ile aliyokuja mbio na tai shingoni, nikalazimika mimi kuumwa jino siku isiyo yangu."

"Mwambie huyo jino lenyewe alilisahau, akaonekana barabarani anatafuna karanga."

"Nyamazeni!" shangazi alisema. "Niliwapangia vizuri. Mmoja mmoja, kwa mzunguko, bila pupa. Hata kuumwa hamuwezi kwa utaratibu?"

Nyuma ya kochi, Fundi alitaka kucheka, na kicheko kilimfika hadi kooni. Watu wawili walioshindwa kuchangia chungu kimoja miaka yote hiyo walikuwa wamechangia magonjwa. Wamekaa kikao, wamegawana viungo vya mwili, huyu mgongo, yule jino, bila kumhitaji yeye awe mtu wa kati. Kisha kicheko kikageuka kitu kingine kikali, kikampanda kifuani. Akaanza kuitoa misumari mdomoni, mmoja mmoja, na kuitia kwenye kopo lake la bati.

Wa kwanza ulipolia ndani ya kopo, sebule ikanyamaza. Wa pili, mtu akavuta pumzi. Alipoimaliza yote alisimama, springi mkononi, vumbi la sponji kichwani.

"Endeleeni," alisema. "Mlifika kwenye jino."

Kaka mkubwa alijishika mgongo kwa mazoea, kisha akakumbuka na kuuachia.

"Kwa nini?" Fundi aliuliza. "Si mlikubali iuzwe? Nilipowauliza hapa hapa, nani alikataa?"

"Mtu atakataaje?" alisema kaka mkubwa, sauti imeshuka. "Nikikataa, nitaambiwa ninunue mafungu yenu. Ninunue na nini? Ikiuzwa, mdogo wangu, fungu langu nitalila hadi liishe, halafu? Nitatoka asubuhi na shati langu nikirudi wapi jioni?"

"Mimi kule nilikotoka hakuna aliye hai anayenijua," alisema mama mdogo. "Nimezeekea hapa. Nilisema moyoni, kesi ikiwa haijaisha, nyumba haijauzwa. Na kesi haiwezi kuisha kama mtu anaumwa. Sikuona kama ni dhambi kubwa."

"Na hii?" Fundi aliinyanyua springi, akamtazama kinyozi.

Kinyozi alitazama viatu vyake. "Dada, ukiwa na kochi la kutengeneza huwa hupigi hesabu za kuondoka. Nilidhani... nilidhani utafurahi kuwa na kazi."

"Na mimi je?" Fundi alisema, na sauti ikampasuka. "Nani kati yenu aliniweka mimi kwenye mzunguko wake? Mume wangu anakula peke yake. Ananitunzia nafasi kama mtu anayemtunzia kiti mgonjwa asiyepona. Mmenifunga hapa kama mbuzi, na kamba mmeisokota kwa matumbo yenu ya uongo. Nataka kwenda kwangu! Sina lingine. Nataka kwenda kwangu."

Alilia wazi, amesimama katikati yao, asijifute. Shangazi ndiye aliyeketi wa kwanza, polepole, juu ya mkono wa kochi lililopinduliwa, na ghafla akaonekana mzee kuliko alivyokuwa mlangoni siku ile ya viti.

"Sikutaka kuiona nyumba ya kaka yangu ikibomolewa, lakini tumemkosea mtoto," alisema. "Shauri lijalo mtakwenda wote. Atakayeumwa, aumwe kweli, na afe kabisa."

Wakaenda wote. Kaka mkubwa alikuwa na shati lake, na mara hii kila mtu alijua anakokwenda. Kinyozi alikuwa amejinyoa mwenyewe, vibaya kidogo. Mama mdogo alibeba pochi aliyokuwa akiibeba kwenye harusi. Mabenchi ya korido nzima yalikuwa yamejaa, ikabidi mama mdogo na kaka mkubwa wabanane pamoja, bega kwa bega. Wakautazama ukuta.

"Bomba la jikoni," mama mdogo alisema, "nimelifunga kabla ya kutoka."

Fundi aliinua kichwa, akingoja kuambiwa mwambie huyo.

"Vizuri," kaka mkubwa alimjibu mwenyewe. "Lingemwaga maji."

Fundi alipaswa kufurahi. Hakufurahi, na alikuwa bado anajiuliza kwa nini pale karani alipotoka na kuliita jina la baba.

"Kumbe nyote mko hai," hakimu alisema alipowahesabu kwa macho. Watu wakacheka. Akavaa miwani, akafungua faili, akaanza na mdogo.

"Unakubali nyumba iuzwe, kila mmoja achukue fungu lake?"

"Nakubali, mheshimiwa," alisema kinyozi.

"Naona hapa unafanyia kazi kwenye nyumba hiyo. Utakwenda wapi?"

Kinyozi alimtazama Fundi. "Dada ataona."

Hakimu akamgeukia kaka mkubwa.

"Nakubali," alisema kaka mkubwa, akijinyoosha kola. "Kwa moyo mweupe."

"Una mahali pa kuishi?"

"Msimamizi wetu ni mtu makini, mheshimiwa. Hajawahi kutuacha tukilowa. Atajua."

Mama mdogo alisimama kabla hajaambiwa asimame. Pochi aliishika kwa mikono miwili.

"Mama, unaelewa kwamba nyumba ikiuzwa utatoka?"

"Naelewa."

"Utakwenda kuishi na nani?"

"Pale atakaponipeleka mwanangu," alisema mama mdogo, akamwonyesha Fundi kwa kidevu. Hakusema kwa kulalamika wala kwa kutega. Alisema kama mtu anayetaja anwani yake, na akamtazama Fundi kwa macho ya kumwamini kabisa, akaketi.

Fundi alikuwa amejiandaa kwa kila kitu isipokuwa hili. Alikuwa na majibu ya presha, ya mgongo, ya uzaliwa wa kwanza, ameyapanga kichwani njia nzima. Alitamani mmoja wao aruke, akatae, amtukane hata, ili apate wa kushindana naye. Lakini walikuwa wamekaa, wasafi, wamepiga pasi, wamempa ruhusa.

"Msimamizi," hakimu alisema, kalamu mkononi. "Kama huna la kuongeza natia saini sasa hivi, na leo hii umemaliza. Una neno?"

Aliona mlango mpana. Aliona fremu, akaona mkono wa mumewe ulioinuliwa stendi. Vyote vilikuwa vyake, karibu hivyo, upande wa pili wa kalamu ile. Asingehitaji hata kusema kitu, angenyamaza tu. Kisha akamwona mama mdogo ndani ya chumba cha kupanga, kwenye kiti cha mtu, akiutazama mlango asioujua. Akamwona kaka mkubwa na shati lake jioni, amesimama barabarani mbele ya ghala. Mdomo wake ulikuwa mzito kama umejaa misumari.

"Mheshimiwa," alisema, "naomba shauri liahirishwe."

Karani aliacha kuandika. Kaka mkubwa aligeuka.

"Sababu?" hakimu aliuliza.

Fundi alitafuta sababu. Alitafuta kila mahali ndani yake, lakini ilikuwepo moja tu, ile ambayo ukoo mzima ulikuwa umeizoea.

"Naumwa."

"Unaumwa nini?"

"Mgongo, mheshimiwa."

Hakimu alivua miwani, akamtazama. Kisha akaivaa tena, akaandika.

Nje, jua lilikuwa kali. Shangazi alimshika mkono akasema, "Umefanya nini, mwanangu?" lakini hakungoja jibu. Mama mdogo alimpitishia mkono kiunoni, akamtembeza polepole kama mgonjwa kweli, akisema wakifika atamkanda kwa maji ya moto. Kinyozi alikimbia mbele akaazima kiti kwa muuza magazeti ili dada akae wakitafuta usafiri. Kaka mkubwa alisimama upande wa jua, kivuli chake kimfunike. Walijitahidi wasionyeshe, lakini nyuso zilikuwa zimefunguka, na mama mdogo alikuwa akiongea na kaka mkubwa habari za bomba, moja kwa moja, bila kukoma.

Simu ikatetemeka mfukoni. Fundi alikaa kwenye kile kiti, akaipokea.

"Leo nani hakufika?" mumewe aliuliza. Kulikuwa na matumaini katika sauti, na nyuma yake randa ilisikika ikipita juu ya ubao.

"Wamefika wote."

"Wote? Kaka pia? Basi imekwisha! Mke wangu, imekwisha!"

"Haijaisha. Imeahirishwa."

"Imeahirishwaje na wote wamefika? Nani kaumwa?"

Fundi aliwatazama wale watatu wamemzunguka, wakimkinga jua.

"Leo ilikuwa zamu yangu," alisema.

Randa ilinyamaza. Mumewe hakugomba. Alisikika akiiweka chini, kisha akasema, "Haya. Pole na kuumwa." Hakukata simu, labda alisahau, na Fundi alimsikia akimgeukia mtu aliyekuwa amesimama hapo karibu.

"Ingia ndani, fundi," alimwambia huyo mtu. "Fremu ndizo hizo."